Kulia Shwari, Afande

Nyumbani, 3 Machi

Kinyonga,

Usishtuke. Ni mimi, Rula, yule mkufunzi wako wa urubani aliyekuwa akiwagonga magoti kwa rula mlipokanyaga pedali kama mnaua mende. Bado nipo. Nina miaka themanini na miwili, figo zimegoma, na daktari ameacha kusema "ukipona." Siku hizi anasema "ukijisikia vizuri."

Rula ile bado ninayo. Naiweka juu ya karatasi, naandika ukingoni mwake, kisha naishusha, ili mstari usipande mgongoni mwa mwenzake. Kwa siku naweza mistari kumi. Kwa hiyo barua hii utakayoisoma kwa dakika tatu imenila wiki nzima, na ukiona mahali nimerukia jambo jingine, ujue hapo nililala.

Anwani yako nimepewa na mmoja wa kundi lenu aliyekuja kunijulia hali mwezi uliopita. Alisema una shule ya udereva. Akacheka, akasema Kinyonga bado anafundisha watu kutazama. Alipoondoka sikumaliza chai yangu.

Nataka kukuambia jambo moja kabla sijaondoka. Nitaliandika lote, hata yale unayoyajua, kama vile naandikia bodi ya uchunguzi, maana bodi yenyewe sikuiambia.

Miaka thelathini na saba iliyopita, asubuhi ya jua kali, tulikuwa tukitoka maegesho, wewe na mimi. Katika ndege zile ndogo za mafunzo tulikaa bega kwa bega, mwanafunzi kushoto, mkufunzi kulia, kila mmoja na bawa lake la kulinda. Wewe unasema "Kushoto shwari." Mimi najibu "Kulia shwari." Ndipo breki inaachiwa. Bila maneno hayo ndege haisogei hata upana wa kidole. Niliwapigia kelele juu ya jambo hilo mpaka mkaliota.

Siku ile breki iliachiwa, ndege ikasogea kwa mwendo wa mtu anayetembea asiye na haraka, na bawa letu la kulia likaingia kwenye mkia wa ndege namba saba iliyokuwa imeegeshwa. Sauti yake ilikuwa ya bati linalokunjwa. Hakuna aliyechubuka. Ncha ya bawa ilijikunja, mkia ulipasuka kiasi cha kiganja. Fundi mkuu alizunguka mara mbili, akasema ni kazi ya siku nne, na kwamba mkewe amewahi kumharibia zaidi ya hapo kwa baiskeli.

Mbele ya bodi niliulizwa kama nilitoa neno. Nikasema sikuwa nimelitoa. Mwanafunzi aliachia breki kabla. Nawe ukaulizwa. Ulinitazama kwanza, halafu ukasema, "Sikumsikia akisema." Wiki iliyofuata ulifutwa kozi, zikiwa zimebaki saa sita za kuruka upate mabawa yako ya urubani.

Nililitoa, Kinyonga. Nilisema kwa sauti, "Kulia shwari," nawe ukanitii. Nilisema bila kutazama. Nilikuwa nimechoka, mke wangu alikuwa amezikwa miezi miwili kabla, akili haikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa.

Ukijibu, andika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za bango, maneno machache. Barua zangu husomwa na binti yangu, na hii sitaki aione. Muuguzi anayekuja asubuhi ataiposti.

Rula

---

Shule ya udereva, 12 Machi

Afande,

Shikamoo.

Natumia kalamu tunayoandikia vibao vya "Mwanafunzi" nyuma ya magari. Natumaini unaiona.

Mimi mzima. Nina magari mawili, yote yana pedali za pili upande wa mwalimu. Mke wangu anasema mguu wangu unakanyaga breki hata nikiwa mezani.

Nimeisoma barua yako mara nne. Asante kwa kuiandika. Najua mistari kumi kwa siku si kazi ndogo.

Nina swali moja tu. Usiharakishe kulijibu.

Umesema ulikuwa umechoka. Mimi nilikaa kando yako miezi minane. Ulikuwa umechoka siku ile tu?

Mwanafunzi wako,
Kinyonga

---

Nyumbani, 20 Machi

Kinyonga,

Ulikuwa hivyo hivyo darasani. Unauliza kwa adabu kama mtu anayeomba chumvi, kumbe umeshika kisu.

Haya. Si uchovu.

Jicho langu la kulia lilianza kufa miaka miwili kabla ya siku ile. Halikuuma. Lilianza na doa pembeni, kama alama ya kidole kwenye kioo, nami nikawa nafuta miwani. Doa likakua. Ulipoingia kozi, upande wangu wa kulia ulikuwa ukungu mtupu: niliona mwanga, niliona giza, basi. Rubani wa jeshi mwenye jicho moja hufungiwa kabati lake siku hiyo hiyo na kupewa meza na mafaili. Mimi nilikuwa sijui kitu kingine duniani isipokuwa kuruka na kufundisha kuruka.

Utauliza nilipitaje kwa daktari. Daktari wa kambi alikuwa na ubao mmoja tu wa herufi, na kila mwaka ulikuwa ule ule. Nikazikariri. H, N, D, Z, T, mstari kwa mstari hadi zile ndogo za chini. Nilizisema nikinyoa ndevu kila asubuhi. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, akazishika kwa kunisikiliza. Alipoanza shule mwalimu wake aliniita kuuliza kwa nini mtoto huyu anadhani alfabeti inaanza na H. Nilicheka mbele ya yule mwalimu, nikatoka nje, na tangu siku hiyo nikazisema kimoyomoyo.

Kwa hiyo niliposema "Kulia shwari," sikuwa na namna ya kujua. Nilisema hivyo kila siku kwa miaka miwili. Nilikuwa nakisia. Asubuhi napita maegesho kwa miguu, nahesabu ndege, naweka kichwani ipi iko wapi, kisha nasema kwa kumbukumbu. Namba saba ilisogezwa wakati tukinywa chai. Hakuna aliyeniambia, na angeniambia kwa sababu gani, mtu mwenye macho yake?

Hilo ndilo nililomfichia kila mtu. Mbele ya bodi nilipima, kwa sekunde chache tu, maisha yangu na yako. Nikajiambia wewe ni kijana, una miaka ishirini na miwili, utapata kazi nyingine. Na nikajishangaa, kwa sababu kundi zima lilijua wewe ndiye unayegeuza kichwa kuliko wote. Jina la Kinyonga ulipewa kwa hilo. Mwenyekiti wa bodi mwenyewe alisema haelewi vipi wewe, kati ya wote, uligonga kitu kilichosimama. Nilimsikia, nikanyamaza.

Nimeandika makao makuu. Nimekiri yote, nimeomba wafute ile hukumu na wakupe mabawa yako, hata kama ni karatasi tu. Ikija barua yenye mhuri mlangoni kwako, usiitupe ukidhani ni ya kodi.

Droo yangu ina beji moja ya mabawa. Ni yangu ya kwanza. Sijui kama naruhusiwa kukupa. Naitazama kwa lenzi kila siku.

Rula

---

Ofisi ya Kumbukumbu
Makao Makuu ya Kikosi cha Anga
9 Aprili

Kwa Meja Mstaafu,

YAH: OMBI LA KUREKEBISHA KUMBUKUMBU YA MWANAFUNZI WA URUBANI

Rejea barua yako ya tarehe 18 Machi.

Tunakujulisha kwamba majalada ya bodi za uchunguzi wa matukio madogo ya ardhini huhifadhiwa kwa miaka ishirini na mitano, kisha huteketezwa kwa utaratibu. Jalada ulilolitaja liliteketezwa pamoja na mengine ya kipindi hicho. Aidha, orodha ya wanafunzi tuliyonayo inataja waliohitimu pekee. Mtu uliyemtaja hayumo.

Kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya tukio, hakuna hukumu ya kufuta wala stahili ya kurejesha. Kwa upande wetu suala hili halipo.

Ofisi inakushukuru kwa utumishi wako uliotukuka na inakutakia afya njema.

Karani Mkuu wa Kumbukumbu

---

Nyumbani, 14 Aprili

Kinyonga,

Nakutumia nakala ya walichojibu. Nimeisoma kwa lenzi, herufi moja moja, kuanzia muuguzi alipofika hadi alipoondoka. Nilipofika kwenye neno "halipo" nilirudi mwanzo nikidhani nimeruka mstari.

Nilikuchomea jina, na sasa hata majivu hawana. Nilikuwa nimejiandaa kuvuliwa cheo, kukemewa, kuandikwa vibaya. Sikujiandaa kushukuriwa.

Mkono umekuwa mzito. Leo ni mistari sita tu na rula imeanguka mara mbili. Binti yangu ameiokota, akaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia rafiki wa zamani. Amefurahi, masikini, amesema ni vizuri niwe na rafiki.

Sina la kukupa. Naweza kukuambia kitu kimoja tu cha kunitetea. Nilifundisha miaka saba zaidi baada yako, na katika miaka yote ishirini na sita ya kufundisha hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyeumia. Hata kidole. Walinipa ngao siku ya kustaafu, ipo ukutani kando ya kitanda, imeandikwa hivyo. Baada ya tukio letu niliongeza uangalifu. Niliwalinda. Kosa langu liliishia kwako.

Umenisamehe? Niandikie ndiyo au hapana. Herufi kubwa.

Rula

---

Shule ya udereva, 22 Aprili

Afande,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika kwa herufi ndogo, makusudi. Hutaweza kuisoma peke yako. Mpe binti yako. Najua hukutaka, lakini kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyapokea bila mtu wa kukaa upande wake wa kulia, na wewe ulikuwa naye siku zote.

Tulijua, Afande. Kuhusu jicho. Wote tulijua.

Mimi niliambiwa siku yangu ya pili kambini na kijana wa kundi lililotutangulia. Alinionyesha kitanda, akanionyesha bomba la maji linalovuja, akasema, "Ukipangiwa Rula, kulia ni kwako." Nilidhani ananitania. Akaniambia ni mkufunzi bora kuliko wote, na kwamba wakufunzi wengine wawili watanifundisha kuogopa tu, kwa hiyo hatumsemi. Tunatazama badala yake. Ndivyo tulivyofanya. Ulipogeuza uso mbele na kusema "Kulia shwari," sisi tulikuwa tumeshatazama. Pakiwa si shwari, tulikanyaga breki tukajifanya tumeteleza mguu, ukatugonga goti kwa rula. Magoti yetu yalikuwa na alama. Jioni tulilinganisha, tukacheka. Ulidhani nageuza kichwa kama kinyonga kwa kuwa nina bidii. Nilikuwa na kazi ya macho ya watu wawili.

Halafu ikaja ile Jumatatu angani, wiki moja kabla ya mgongano. Sijui kama unaikumbuka. Ulikuwa umeshika mpini wa kuongozea ndege wewe, unanionyesha namna ya kukata kona kuelekea uwanja. Ndege ya kundi la pili ilitokea kulia, chini kidogo. Nilimwona rubani wake, niliona kofia yake nyeupe. Nawe ukageukia kule kule. Nilikunyang'anya mpini. Ulinigonga goti, ukaniuliza nimeingiwa na nini, nikasema samahani Afande.

Sikulala vizuri wiki ile. Nikikusema, nakuua. Nikinyamaza, utamuua mtu, na labda utakufa naye. Sikuwa na mkubwa wa kumuuliza, maana mkubwa niliyemwamini ni wewe.

Sasa nisikilize. Siku ya mgongano nilitazama kulia, kama kawaida. Niliona mkia wa namba saba. Niliuona wazi, na rangi yake iliyobambuka, na fundi akiwa mbali akifuta mikono. Nikasema, "Kushoto shwari." Nikasubiri. Ukasema, "Kulia shwari." Nikaachia breki.

Niliwaza hivi: mwendo ni wa kutembea, hakuna mtu karibu, bati litakunjika, watauliza, na wewe utalazimika kusema. Watakuondoa angani ukiwa hai. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikadhani nimepata njia ya kumwokoa kila mtu bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo hukuniharibia jina kwa uongo mtupu. Nilikuwa na hatia. Niligonga kwa kusudi ndege ya serikali, na huyo ndiye mtu unayemwomba msamaha.

Kwa nini basi niliposimama mbele ya bodi sikusema? Nilikuwa nimejiandaa kusema. Ulipotangulia ndani, niliachwa nje kwenye benchi. Mwisho wa benchi alikaa mtoto wa kike, amevaa kofia yako, imemfika puani. Hukuwa na wa kumwachia. Aliniuliza kama mimi pia ni rubani, nikasema karibu. Akasema yeye ni rubani tayari. Akanieleza kwamba mama yake hayupo, kwamba yeye na baba wakitembea barabarani yeye hukaa kulia, baba akimwuliza anajibu, na kwamba akikosea watagongwa wote wawili. Alisema kwa majivuno. Halafu akaniimbia herufi, H, N, D, Z, T. Mlango ukafunguliwa, nikaitwa.

Nilikutazama. Sikukuona wewe, niliona ile kofia. Nikasema sikukusikia.

Baba yangu aliitoa ukutani picha yangu ya sare, akaacha msumari. Ulikuwepo pale mpaka alipofariki, na hakuwahi kuutundikia kitu kingine. Hilo linaniuma kuliko mabawa. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba nililipa yote hayo na wewe ukaendelea kuruka. Miaka saba. Kila redio iliposema ndege ya mafunzo imeanguka niliacha kijiko. Nilichoweza kufanya ni kimoja tu: siku nakusanya vitu vyangu nilimwambia aliyechukua kitanda changu kwamba kulia ni kwake, naye amwambie atakayefuata. Nadhani walifanya hivyo. Ngao yako inasema walifanya.

Umeniuliza ndiyo au hapana. Siwezi kujibu mpaka nami nikuulize. Niliona mkia ule, Afande, nikakuacha uingie. Wewe umenisamehe?

Mwanafunzi wako,
Kinyonga

---

Nyumbani, 2 Mei

Kaka Kinyonga,

Shikamoo. Mimi ndiye wa kwenye benchi.

Barua yako ilifika Jumanne. Baba aliipapasa, akaisogeza kwenye lenzi, akaisogeza dirishani, akaiweka kifuani. Akakaa nayo hivyo kutwa. Jioni aliniita, akasema, "Nisomee, usiruke." Nilidhani ni habari za rafiki.

Sikuruka. Kwanza sikuelewa kitu, nikawa nasimama kumwuliza jicho gani, bodi ipi, naye ananiambia endelea. Nilipofika kwa wanafunzi waliotazama badala yake, aliniomba nirudie sehemu hiyo. Nikairudia. Akaanza kuwataja waliokuja baada yako, kwa majina yao ya utani, mmoja mmoja kwa vidole, miaka saba, na kila akitaja mmoja alikuwa akijipapasa goti lake mwenyewe. Vidole viliisha akaanza upya. Nilitaka kumwambia aache, sikujua kama nina haki hiyo.

Nilipofika kwenye benchi niliacha kusoma. Alisema, "Endelea, mwanangu." Nikaendelea. Nilisoma maneno yangu mwenyewe ya utotoni kwa sauti ya mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Siikumbuki sura yako. Nakumbuka benchi lilikuwa la moto na mtu mmoja alinipa nafasi kwenye kivuli. Kama ni wewe, asante. Ningeandika zaidi ya asante lakini sijui mtu huandika nini kwa aliyepoteza kazi yake kwa sababu nilivaa kofia.

Nilipomaliza, baba aliniambia niishushe ile ngao. Nimeishusha. Nikamwuliza ning'oe na msumari, akatikisa kichwa.

Kuhusu swali lako nilimwuliza siku hiyo hiyo. Nilimwambia, "Anauliza kama umemsamehe." Akasema atajibu kesho, kwa mkono wake, nimtafutie rula. Nikamtafutia, nikaiweka mezani na karatasi. Kesho yake aliamka hawezi kusema. Daktari amekuja, amepima, amekaa kidogo kuliko kawaida yake. Muuguzi sasa anakuja asubuhi na jioni. Rula ipo pale pale mezani juu ya karatasi tupu, na sithubutu kuiondoa.

Kwa hiyo sina jibu lako, kaka. Nimetafuta kwenye daftari zake, kwenye droo, hata nyuma ya ile ngao. Nimepata beji moja ya mabawa imefungwa kwenye kitambaa, na kipande cha karatasi chenye jina lako, lile la nyumbani si la utani, limeandikwa kwa herufi zinazopandana. Hakuna neno jingine. Beji naiweka ndani ya bahasha hii. Kama hakuruhusiwa kukupa, basi nimekupa mimi.

Nimekuwa nikikumbuka ile njia ya dukani. Alinishika mkono wa kushoto, mimi nikiwa upande wake wa kulia, na tulipofika barabarani alinibana kiganja mara mbili. Hiyo ilimaanisha, kulia vipi? Nami nilijibu, "Kulia shwari, Afande," tukavuka. Nilidhani ni mchezo wetu, na nilidhani nimeuacha nilipokua, lakini jana niligundua kwamba mpaka mwaka jana nikimpeleka hospitali nilikuwa nazunguka gari lote ili nimshike kutoka kulia. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Na kuna jambo jingine, naliandika kwako kwa kuwa sina wa kumwambia. Mara nyingi nilisema shwari bila kutazama. Nilikuwa na haraka ya peremende.

Sasa nakaa kwenye kiti, upande ule ule. Macho yake yamefumba yote mawili. Leo mchana, nilipokuwa nikikuandikia ukurasa wa kwanza, vidole vyake vilijikunja kwenye kiganja changu. Mara moja, halafu kimya kirefu, halafu mara ya pili. Muuguzi anasema ni misuli tu, inajivuta yenyewe, nisiihesabu.

Niligeuka. Palikuwa na dirisha, pazia, ukuta na msumari wake. Nikamwambia kulia shwari, Afande.

Sijui kama ni kweli. Ila safari hii nilitazama kwanza.

Binti yake